Askofu Frank Weston wa Zanzibar, na Maneno Aliyotuachia

Ndugu wapenzi, sisi tukaao pande za Rufiji hatuna haja ya kufundishwa habari za mbegu. Mafuriko yakiisha kupungua bondeni, mkulima wa mlau hupanda katika tope, wala hangoji mvua nyingine. Mbegu yake huota kwa unyevu uliobaki chini ya ardhi. Maneno ya mhubiri nayo yana hali hiyo. Mengi husikiwa Jumapili, nayo hukauka kabla ya Jumatatu, kwa kuwa hapana unyevu chini yake. Machache huota na kudumu, na mtu akiyachimba huona ya kuwa chini yake yamo maisha mazima ya yule aliyeyasema.

Katika kitabu hiki cha jubilei imetupasa kuwakumbuka waliotutangulia katika imani, nasi tumechagua kuwasimulia habari za mmoja wao, Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hata mwaka 1924. Siku zile jimbo lake lilikuwa kubwa mno. Lilikuwa na Unguja na Pemba, na nchi ya Wabondei upande wa Tanga, na kusini kabisa Masasi na Newala, kwa maana jimbo la Masasi lilikuwa halijakatwa. Lilikatwa mwaka 1926, baada ya kufa kwake. Pwani yetu ya Rufiji ilikuwa katikati ya pande hizo. Jina lake hutajwa sana kwa ajili ya hotuba moja aliyoitoa London mwaka 1923. Lakini hotuba ile haimwelei vema mtu asiyejua mambo aliyoyaona Askofu huyu katika Afrika kwa muda wa miaka 25 kabla ya kuitoa. Basi na tuanze mbali kidogo.

Frank Weston alizaliwa tarehe 13 Septemba 1871, upande wa kusini wa mji wa London. Alisoma katika shule ya Dulwich, kisha katika Trinity College, Oxford, na mwaka 1893 alimaliza masomo ya elimu ya Mungu kwa heshima ya daraja la kwanza. Mtu mwenye sifa hizo angaliweza kukaa chuoni maisha yake yote, akafundisha na kuandika vitabu, na watu wangalimsifu. Yeye alikwenda Stratford, mashariki ya London, mahali pa watu wa kazi na maskini, kutumika katika misheni ya chuo chake. Alipata ushemasi mwaka 1894 na upadre mwaka 1895. Baadaye alitumika Westminster katika kanisa la Mtakatifu Mathayo, na mwaka 1898 alisafiri kuja Unguja pamoja na misheni ya UMCA, ile iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya kuusikia wito wa David Livingstone mwaka 1857.

Alipofika Unguja, soko la watumwa lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, na mahali pale pa Mkunazini palikuwa pamesimama Kanisa Kuu lililojengwa na Askofu Edward Steere. Lakini sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe kisiwani ilikuwa ya mwaka 1897 tu, yaani mwaka mmoja kabla ya kufika kwake. Basi watu aliowakuta kanisani walikuwa wengi wao waliookolewa katika majahazi ya watumwa, au watoto wa hao. Padre kijana akiwapa Komunyo aliitia katika mikono iliyopata kufungwa kamba. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha. Alianzisha chuo cha Mtakatifu Marko cha kuwatayarisha Waafrika kwa ushemasi na upadre, na mwaka 1901 alifanywa mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilichowafundisha walimu waliopelekwa Bonde na Masasi. Ninyi walimu mtafurahi kujua ya kuwa mtu huyu, kabla ya kuwa askofu, alikaa miaka kumi darasani. Alijifunza Kiswahili hata akahubiri kwacho kama mtu wa nchi, naye aliwaza sana jinsi ya kueleza mambo magumu ya imani kwa maneno ambayo kijana wa Kiyao au wa Kibondei atayachukua mpaka kijijini kwake bila kumwagika njiani.

Alipokuwa Kiungani, vita ya Maji Maji ilitokea. Habari za vita ile zatuhusu sisi kuliko watu wengine, kwa sababu ilianza mwezi wa Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi kusini yetu, na chanzo chake kikubwa kilikuwa kazi ya nguvu katika mashamba ya pamba ya Wadachi. Kinjikitile Ngwale, aliyewagawia watu maji, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na Mohoro si mbali na Nyamwage. Vita ilienea hata Masasi, na kituo cha misheni kikaharibiwa. Walimu waliofundishwa Kiungani waliona kazi yao ya miaka mingi ikiwa majivu, wakaanza tena. Frank Weston alijifunza, kama wazee wetu walivyojifunza kwa damu, ya kuwa mtu aliyelazimishwa kulima shamba lisilo lake hasahau.

Mwaka 1908, tarehe 18 Oktoba, aliwekwa kuwa Askofu katika Kanisa Kuu la Southwark, London, akarudi kuliongoza jimbo. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista la Mateso Matakatifu, ambao wengi wao walifanya kazi ya kuwatunza wagonjwa na kuwafundisha wanawake na wasichana.

Haitupasi kumwandika mtu kana kwamba hakuwa na udhaifu. Askofu Weston alikuwa mtu mkali wa maneno. Mwezi wa Juni 1913 wamisheni wa makanisa mbalimbali katika nchi ambayo leo ni Kenya walikutana Kikuyu, wakawaza jinsi ya kushirikiana, na mwisho wa mkutano wakashiriki Komunyo pamoja. Weston alikasirika sana, akaona ya kuwa imani na daraja za Kanisa zimechezewa. Akawashitaki Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, tena kwa shitaka zito la uzushi. Magazeti ya Uingereza yalijaa habari zile. Wako waliomwona kuwa shujaa wa imani, na wako waliomwona kuwa mgomvi. Mwaka 1920, maaskofu walipokutana Lambeth na kutoa wito wa umoja kwa Wakristo wote, naye aliuunga mkono, na wengi waliomjua kwa ukali walistaajabu kuuona upole wake. Twaeleza haya kwa sababu moja. Maneno yake ya ugomvi yalisikiwa katika nchi nyingi kwa wakati wake, na leo ni wachache wayakumbukao. Yaliyobaki ni mengine, na mizizi yake ilikuwa katika kazi aliyoifanya kimya kati ya watu wasioandikwa magazetini.

Vita kuu ilipoanza mwaka 1914, bara ilikuwa mkononi mwa Wadachi. Mapadre na masista wa Kiingereza walifungwa. Nao walimu na mapadre Waafrika walifungwa na kupigwa, wakashitakiwa kuwa wapelelezi. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilipokuja pwani, lilitaka wapagazi. Barabara zilikuwa chache, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilitegemea kichwa cha mtu. Watu wa Unguja waliogopa kwenda, na kwa haki, maana wapagazi walikufa kuliko askari. Ndipo Askofu alipokubali kuwaongoza yeye mwenyewe. Alipewa cheo cha Meja, akavuka bahari pamoja na wapagazi wa Unguja, akaenda nao katika safari ya kutoka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam, mji ulioshikwa tarehe 4 Septemba 1916.

Vita iliendelea kushuka kusini mpaka kwetu. Mwanzo wa mwaka 1917 majeshi yalikuwa katika bonde la Rufiji, mvua zikanyesha kupita kiasi, mto ukafurika, na chakula hakikuweza kupita. Leo gari lavuka daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, kwa muda mfupi tu, likafika Nyamwage kwenye njia panda ya Utete. Siku zile mahali hapo hapo wapagazi walizama katika matope hata magotini, wakiwa na homa na kuhara. Katika vita ile nzima ya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa wahesabiwa kwa makumi ya elfu, na wengi hawana kaburi lenye jina. Ukumbusho wao mkubwa ni jina la soko la Dar es Salaam, Kariakoo, ambalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao.

Vita ikaisha, na watu walitumaini kupumzika. Lakini mwezi wa Oktoba 1919 serikali ya Kiingereza, katika nchi iliyokuwa karibu kuitwa Kenya, ilitoa agizo kwamba maofisa na majumbe wawahimize watu waende kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Neno lililoandikwa lilikuwa kuhimiza. Lakini jumbe akihimizwa na bwana shauri, mtu wa chini huijua maana yake. Maaskofu wawili wa nchi zile waliona hatari, wakaomba mambo yarekebishwe, ila waliona ya kuwa kazi ya lazima yaweza kuvumiliwa kwa masharti. Weston alikataa kabisa. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuwaambia Waingereza ya kuwa wanawafanya Waafrika watumwa wa shamba chini ya bendera yao wenyewe, akaenda kwa wakubwa wa serikali London, akawasumbua. Hakuwa peke yake. Wengine nao walipigania jambo hilo, hata mwaka 1921 amri ikatoka London kwamba serikali isitumike tena kuwatafutia wenye mashamba watu wa kazi. Mtu aliyewahi kuwakemea Wadachi kwa kuwatesa Waafrika hakuogopa kuwakemea watu wa taifa lake.

Sasa tumefika mwaka 1923. Mwezi wa Julai Wakristo wa Kanisa la Kiingereza waliopenda sana Misa, ubani, mishumaa na desturi za zamani walikutana kwa maelfu katika jumba kubwa la Albert Hall, London, na Askofu wa Zanzibar alikuwa mwenyekiti wao. Watu hao walikuwa wamepigana miaka mingi ili waruhusiwe kuiweka Sakramenti katika tabenakulo na kuiheshimu. Wengine walipata kushitakiwa kwa ajili ya hayo. Walimpenda Weston kwa kuwa alikuwa upande wao, nao walitazamia awasifu.

Kwa kweli aliwasifu kwa kupigania tabenakulo. Kisha akawageuzia uso. Aliwaambia ya kuwa kama wamejifunza kumwabudu Yesu katika Sakramenti, wakaishia pale, wamepotea. Hawana haki ya kudai kwamba wanamwabudu Yesu aliye altareni, ikiwa hawamwonei huruma Yesu aliye katika vibanda vya maskini. Ni upuuzi, naam ni wazimu, kudhani ya kuwa mtu aweza kumheshimu Bwana katika Sakramenti na katika kiti chake cha utukufu, huku akimdhulumu katika miili na roho za wanadamu. Akawaagiza, kwa kuwa sasa wanayo Misa na altare na tabenakulo, watoke wakaende katika njia kuu na penye nyua, wamtafute Yesu katika watu wenye matambara na walio uchi, katika walioonewa na waliofanyizwa kazi kwa ujira wa dhuluma, katika waliokata tamaa na wale wanaojitahidi kuwa wema. Wakiisha kumwona, wajifunge kitambaa chake kiunoni na kujaribu kuwaosha miguu.

Mwaka mmoja na miezi michache baadaye alikuwa amekwisha kufa. Alirudi jimboni, akazuru vituo kama desturi yake, akapata jipu lililoitia damu yake sumu, akafariki huko Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa huwaombea marehemu wote. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Ndugu zetu, tumewasimulia maisha yake kwanza, ili tuyatafune maneno hayo polepole sasa, kama mtu anavyotafuna mua na kuimeza tamu yake kidogo kidogo.

Neno la kwanza la kuangalia ni hili, ya kuwa hakuwaambia watu waache altare wakahudumie maskini. Wako wasemao hivyo siku zote, ya kwamba ibada ni kupoteza wakati. Weston hakusema hivyo hata kidogo. Yeye alijua ya kuwa mtu asiyepiga magoti huchoka upesi, au huanza kujisifu kwa wema wake. Wala hakuwaambia ya kuwa ibada yatosha. Alisema ya kuwa yule aliye pale na yule aliye hapa ni mmoja. Mtu akimsalimu baba mbele ya wageni, kisha akampiga nyuma ya nyumba, hatusemi ya kuwa ana heshima nusu. Twasema hana heshima.

Neno la pili, alisema habari za miili na roho pamoja. Mpagazi aliyefia njiani alikuwa na mwili uliohitaji unga na dawa, tena alikuwa na roho iliyohitaji kuitwa kwa jina lake. Ukimpa mtu unga kwa dharau umemlisha, na huku umemwumiza. Ukimhubiri mwenye njaa, nawe una chakula ghalani, umemdhihaki.

Neno la tatu, na kwetu ndilo zito kuliko yote, ni habari ya kitambaa. Hakuwaambia watoe sadaka tu, kwa maana sadaka mtu aweza kuitoa akiwa amesimama. Kuosha miguu lazima uiname. Huwezi kumwosha mtu miguu nawe ukimtazama kutoka juu. Na hapa ndipo tuonapo ya kuwa maneno haya hayakubuniwa kwa ajili ya jumba la Albert Hall. Yule aliyeyasema alikuwa amewapa Komunyo waliofungwa kamba, amekaa darasani na watoto wa watumwa, amekwenda na wapagazi, amewatetea watu wa mashambani mbele ya wakubwa. Unyevu ulikuwa umekwisha kukaa chini, ndiyo sababu mbegu iliota.

Basi maneno haya yatutaka nini sisi, Wakristo tulio wachache katika Rufiji na Kibiti, kati ya jirani zetu Waislamu? Kwanza yatukumbusha ya kuwa Weston mwenyewe aliishi Unguja kati ya Waislamu wengi, na wapagazi hawakuulizwa dini yao walipoanguka njiani. Miguu ya mtu haina dini. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Mohoro na vijiji vingine vya Rufiji na Kibiti, maji hayakubagua nyumba. Jirani aliyepoteza mpunga na paa, awe nani, ndiye aliyelala penye njia kuu.

Pili, yatuuliza maswali penye njia panda yetu. Kijana apakiaye magunia ya mkaa na mbao usiku kucha, je, tunamjua jina, au twamjua kwa mzigo wake tu? Mtumishi wa nyumbani wa Mkristo aliyepokea Komunyo asubuhi, je, amelipwa mshahara wake wa mwezi? Mjane akija kuomba shamba la marehemu mumewe, je, mzee wa kanisa atasimama naye mbele ya ukoo, au ataogopa? Mtu akishindwa maswali hayo, asidhani ya kuwa kuipamba altare kwa maua kutamfunika.

Nanyi walimu, tunawaomba hasa. Darasani yuko mtoto akaaye nyuma, asiye na viatu wala daftari, na ambaye wenzake humcheka. Weston alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu, na tunaamini ya kuwa kitambaa chake alianza kujifunga huko. Msimwache mtoto huyo aende zake bila mtu mmoja kuinama kwake.

Tumshukuru Mungu kwa maisha ya Frank Weston, wala tusiishie kumsifu, kwa maana maneno yake yatatuhukumu ikiwa tunayasoma katika sikukuu ya jubilei na kuyafunga pamoja na kitabu. Tukiisha kutoka kanisani siku hiyo, njia iko mbele ya mlango, na watu wanapita. Bwana atujalie kumtambua katika hao. Na roho ya mtumishi wake Frank, pamoja na roho za wapagazi wote waliokufa katika bonde hili wasiojulikana majina, zistarehe kwa amani. Amina.